Samadi, Seng'enge na Bustani ya Shule Yetu

Mhariri aliponiandikia kunitaka makala ya historia kwa gazeti la mkutano wetu, nadhani alitazamia nilete habari za vita vya Wangoni au za misafara ya pembe. Ataniwia radhi. Nimeona niandike habari za samadi ya mbuzi, kwa kuwa mkutano wa mwaka huu una hoja moja ambayo historia yaweza kuisaidia kuliko hotuba.

Hoja yenyewe wahitimu wenzangu mnaijua. Bustani ya shule imechoka. Mchicha unatoka wa manjano, kabichi hazifungi, na kidogo kinachoota huliwa na tumbili, nguruwe pori na mbuzi wa majirani kabla hakijafika jikoni, hata vijana wetu wanakula ugali na maharage matupu juma zima. Kamati imependekeza kwamba fedha zote za mfuko wetu zinunue waya wa seng'enge wa kuzungushia bustani, pamoja na magunia ya mbolea ya chumvichumvi. Pendekezo limetolewa kwa nia njema, nami sina ugomvi na mtu. Lakini shule yetu iko chini ya milima ya Uluguru, na milima hiyo imekwisha kutoa somo juu ya jambo hili hili, tena kwa gharama ya maisha ya mtu. Itakuwa ajabu sisi tulioitazama kila asubuhi mstarini tusijue yaliyotokea huko.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Sababu yake haikuwa ya uongo. Watu walikuwa wameongezeka, miteremko ililimwa mpaka juu, na kila masika udongo ulishuka mitoni. Mabwana shamba walileta dawa moja kwa mlima mzima: mkulima achimbe ngazi, yaani mteremko ukatwe kama vidato, kila kidato kiwe tambarare ili maji yasikimbie. Kuchoma majani kulikatazwa, na kulima kandokando ya vijito kulikatazwa pia. Aliyekaidi alipelekwa barazani kutozwa faini.

Kwenye karatasi ngazi ni kitu kizuri. Lakini huko Matombo, upande wa mashariki, udongo wenye rutuba ni kama ngozi nyembamba juu ya mfupa. Ukikata mteremko ule kuufanya tambarare, udongo mweusi wa juu unafukiwa, na ule mwekundu wa chini, usio na uhai, ndio unaobaki juu kupokea mbegu. Wakulima walipanda mahindi na mpunga wa milimani kwenye ngazi walizochimba kwa jasho, wakavuna pungufu kuliko walivyokuwa wakivuna kwenye mteremko wao wa zamani. Zaidi ya hayo, ardhi ya Waluguru ni ya ukoo na hufuata upande wa mama. Wengi walishuku kwamba anayelazimishwa kuitengeneza ardhi yake kwa namna ya kigeni anaandaliwa kunyang'anywa. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kuupinga mpango. Polisi wakaitwa, ghasia zikazuka, na mtu mmoja akauawa na polisi. Baada ya hapo mpango haukusimama tena. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilipata masikio mengi milimani kwa sababu ya jembe lile la lazima.

Tulipofundishwa sisi, habari iliishia hapo: mkoloni alilazimisha, wananchi wakakataa. Ni kweli, lakini haikukamilika. Zunguka mlima uende magharibi, Mgeta, uone jambo ambalo mwalimu hakulitaja. Huko ngazi zilipokewa, na mpaka leo miteremko ya Mgeta imekatwa vidato vilivyojaa kabichi, karoti, njegere na maharage. Waluguru ni wale wale, na mkoloni alikuwa yule yule. Kwa nini basi?

Jibu la haraka ni kwamba Mgeta kuna baridi na mboga za Kizungu zinakubali. Hilo ni sehemu tu. Watu wa Mgeta walikuwa wameanza kulima mboga hizo kabla ya mpango, wakiziuza Morogoro na Dar es Salaam, nao wana mifereji ya kumwagilia. Maji ya mfereji kwenye mteremko hukimbia, lakini kwenye kidato hutulia. Kwa hiyo ngazi iliwafaa kwa kazi waliyokuwa wakiifanya tayari, na faida yake ilionekana katika miezi mitatu, kabichi ilipopakiwa. Na kwa kuwa kabichi ilileta fedha, mtu aliona hasara kuiacha ngazi yake na udongo mfu. Akabeba samadi kichwani, akaifukia, mpaka udongo mwekundu ukageuka. Mgeta hufuga nguruwe kwa ajili hiyo na kwa nyama, na mwaka 1988 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipeleka huko mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei. Mbuzi hao hufungwa bandani na kuletewa majani. Watoto wanapata maziwa, na ngazi inapata samadi.

Tofauti ya Matombo na Mgeta, basi, haikuwa ngazi yenyewe. Ilikuwa kile kilichotiwa juu ya ngazi, na nani aliamua kukitia.

Ninyi mlio madarasani sasa mtaniuliza: je, mbolea ya chumvichumvi haitoshi? Mimi si adui yake. Inalisha mmea upesi, na mwenye haraka anaihitaji. Lakini udongo wetu ni wa kichanga na hauna mboji, yaani mabaki ya majani na samadi yaliyooza, ambayo hushika maji na chakula cha mmea kama sifongo. Bila mboji, mvua kubwa ya Aprili inachukua sehemu kubwa ya mbolea mliyonunua na kuishusha chini mizizi isikofika. Tena ukitia salfeti ya amonia mwaka baada ya mwaka peke yake, udongo unazidi kuwa mchachu. Magunia yatakwisha katika msimu mmoja, na mwakani tutaombwa mengine.

Anayedhani kwamba udongo wa kichanga hauponi bila gunia la dukani, na aende Ukara. Ni kisiwa kidogo katika Ziwa Viktoria, kaskazini ya Ukerewe, chenye mawe makubwa na mchanga uliotokana na mawe hayo. Mwaka 1936 maofisa wawili wa kilimo walichapisha maelezo ya kilimo cha Wakara, na ukiyasoma unaona mshangao wao haufichiki. Walikuta watu wamebanana kisiwani kuliko karibu pote pengine katika Tanganyika, na bado mashamba yao hayapumzishwi. Ng'ombe walilala ndani ya nyumba, katika sehemu iliyochimbwa chini. Waliletewa majani, na kinyesi kikachanganyika na matandiko mpaka shimo likajaa, kisha samadi ile ikabebwa mpaka shambani. Uwele ulipokuwa umesimama, Wakara walipanda katikati yake mmea wa jamii ya marejea. Uwele ukavunwa, mmea ule ukaachwa ukue, halafu ukafukiwa ungali mbichi. Katika mzunguko huo ilikuja pia zamu ya njugu mawe. Hakuna bwana shamba aliyewafundisha. Mizizi ya marejea na ya njugu mawe ina vifundo vyenye vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani. Wakara hawakulijua neno naitrojeni, ila waliijua kazi yake kwa macho. Watawa wa Peramiho walipokuja kuieneza marejea kwa wakulima wa kusini katika miaka ya 1980, walikuwa wakitangaza jambo ambalo huko Ukara ni la mababu.

Lakini kuna sehemu ya pili ya habari za Ukara, nayo ndiyo inayonigusa zaidi. Mkara anapohamia bara, kwenye ardhi tele, mara nyingi huiacha kazi hiyo yote. Ng'ombe hawalali tena ndani, samadi haibebwi, marejea haifukiwi. Si kwamba amesahau. Amepiga hesabu, akaona kwamba huko jasho lile halimlipi. Watafiti waliofika huko katika miaka ya 1960 waliliandika hilo wazi. Mtu huutunza udongo pale anapoona kwamba bila kuutunza hatakula, na kwamba akiutunza atakayekula ni yeye.

Nije kwenye wanyama. Hapa vitabu vya shule vina machache zaidi, ingawa kila bibi aliyewahi kulima ana mengi. Tunapofundisha Vita vya Maji Maji twasema, na ni sawa, kwamba Wamatumbi waling'oa pamba mwezi Julai 1905 kwa kuchoshwa na kilimo cha lazima. Lakini mwanahistoria mmoja aliyechunguza kumbukumbu za Uzaramo za miaka hiyo alikuta jambo jingine likijirudia: nguruwe pori. Wanaume walitolewa kwenda kulima shamba la pamba la jumbe au kufanya vibarua mbali, na sheria za uwindaji za Wajerumani ziliwabana waliobaki wasiweze kuwasaka nguruwe kama zamani. Wanawake wakaachiwa mashamba peke yao, na nguruwe wakaingia. Njaa iliyofuata haikutoka mbinguni pekee. Nyumba iliyoondolewa walinzi imeondolewa ua, hata kama ua wa miti bado umesimama.

Habari ya pili ni ya karibu zaidi, nasi wenye mvi tunaikumbuka. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, watu wa bonde la Rufiji walihamishiwa kwenye vijiji vya miinuko. Mashamba yao mazuri yalibaki bondeni, mbali na nyumba. Zamani Mrufiji aliishi karibu na mpunga wake, na usiku akisikia nguruwe alitoka. Sasa ilimbidi achague kati ya shule na zahanati kule juu na chakula kule chini. Wengi walichagua vyote viwili kwa taabu: mazao yanapokomaa, hurudi bondeni na kulala kwenye madungu, vibanda vile vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakipiga madebe na kuinga ndege tangu alfajiri. Dungu si alama ya ushamba, kama baadhi ya wenzetu wa mjini wanavyodhani. Mrufiji asiyekuwa na dungu alivuna mabua.

Waya wa seng'enge utafanya nini katika habari hizi? Utamzuia ng'ombe. Mbuzi utamchelewesha. Nguruwe pori anainua uzi wa chini kwa pua na kupita, na tumbili anaupanda kama ngazi ya nyumbani kwake. Isitoshe, waya haulindi bustani Desemba, shule inapofungwa na hakuna mtu. Nimeuliza wapishi na walinzi wa shule, wakaniambia uharibifu mkubwa hutokea likizoni.

Na je, mnyama ni adui tu? Hapa Kondoa inatufaa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa kuwa sehemu ya Kondoa ilikuwa imekatwa makorongo kiasi cha kutisha. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Majani yalirudi na miti ikaota. Aliyeona picha za kabla na baada hawezi kubisha. Lakini wenyeji walikosa maziwa, na mashamba yakakosa samadi. Haikuchukua miaka mingi kabla ya kukubaliwa kwamba ng'ombe arudi, na tangu 1989 aliruhusiwa kwa sharti moja: akae bandani, aletewe majani, asichunge. Ng'ombe yule yule aliyelaumiwa kwa kuharibu ardhi, alipowekwa bandani akaanza kuilisha. Mbuzi wa majirani zetu wanaokula kabichi za shule ni hasara kwetu na kwa wenyewe, maana kinyesi chao kinaishia barabarani.

Sasa shule yetu. Azimio la Arusha lilipotoka Februari 1967, mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe pia shamba, na alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao na waone matunda ya uamuzi wao. Sehemu ya kwanza tuliipokea sana. Sehemu ya pili iliishia njiani. Sisi tulioingia Kidato cha Kwanza mwaka 1971 tulilima, tena sana. Ila aliyechelewa mstarini alipewa tuta, aliyezungumza kiluga bwenini alipewa tuta, na aliyetoroka alipewa matuta matatu. Mabua yalichomwa moto kila mwaka ili shamba lionekane safi mbele ya mgeni. Mavuno yalipakiwa, na hatukuambiwa yamekwenda wapi. Mtu akikuzoeza kwamba jembe ni adhabu, usitazamie abebe samadi kwa hiari yake. Tulikuwa na Matombo yetu humu humu uani, na wengi wetu tuliapa kwamba tukimaliza hatutashika jembe tena. Wengine tumetimiza kiapo hicho, na vitambi vyetu ni ushahidi.

Ninavyoliona jambo hili, bustani haitapona kwa waya wala kwa gunia mpaka ibadilike iwe ya wale wanaoilima. Naomba mkutano ufikirie yafuatayo kabla ya kupiga kura.

Fedha za mfuko zigawanywe. Nusu yake ijenge banda la mbuzi wachache wa maziwa ndani ya eneo la shule, lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa ili kinyesi kidondoke chini na kuzolewa kirahisi. Sehemu nyingine inunue mbegu za marejea na majembe. Kama itabaki ya waya, uzungushiwe kitalu tu, mahali penye miche michanga, kwa kuwa hapo waya unastahili gharama yake. Chumvichumvi inunuliwe kidogo, itiwe pamoja na samadi.

Bustani igawiwe mabweni. Kila bweni liwe na vitalu vyake, lichague lenyewe la kupanda, na mboga zake ziende kwenye meza zake zenyewe kwanza. Ziada iuzwe, na hesabu zibandikwe ukutani wazi. Na uongozi wa shule utuahidi kwa maandishi kwamba hakuna kijana atakayepelekwa bustanini kama adhabu. Hili la mwisho halina gharama yoyote, nami nalitaka kuliko banda.

Likizo zihesabiwe. Mchicha huwa tayari katika wiki nne hadi sita. Ukipandwa kwa mpango, unakwisha kuliwa kabla ya kufunga shule mwezi Juni. Mvua za vuli zinapoanza, vitalu vya kabichi vipandwe marejea badala yake. Desemba udongo utakuwa umefunikwa, Januari vijana wanarudi kuifukia. Mnyama akiionja, hatakuwa ametuibia mlo. Muhula unapoendelea na mboga zimekomaa, liwepo dungu moja, na zamu ya jioni na alfajiri kwa bweni lenye vitalu. Kijana anayelinda kabichi za meza yake halali usingizi mzito.

Samadi mbichi isitiwe kwenye miche, hasa ya kuku, kwani huichoma. Irundikwe pamoja na majani, mabua na majivu kidogo ya jikoni, imwagiwe maji, igeuzwe kila baada ya wiki chache mpaka iwe nyeusi na isiyo na harufu kali. Anayetaka kujua kama imeiva, aingize fimbo katikati ya lundo. Ikitoka ya moto, asubiri.

Kuhusu ua, tunao wa bei rahisi kuliko seng'enge, nao umelinda maboma ya Usukuma tangu kabla ya Wazungu: minyaa. Mbuzi haili. Vipande vyake hukatwa urefu wa mkono, huachwa kivulini siku chache mpaka utomvu ukauke, kisha hupandwa vikikaribiana sana masika yanapoanza. Hufunga vizuri baada ya miaka kama miwili, na pale inapoacha upenyo hujazwa mkonge. Tumbili hauzuii, huyo ni wa dungu. Wanaokata wawe waangalifu: utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni hatari kubwa, kwa hiyo wavae miwani, wasijifute uso kwa mkono, na likitokea lolote wanawe kwa maji mengi mara moja na kukimbilia zahanati. Vipande vya kuanzia ninavyo tele uani kwangu. Mhitimu mwenye pikapu atakayepitia Kihonda siku ya mkutano aniarifu mapema ili nivikate siku tatu kabla.